Chini ya Mitulizo Hakuna Aliyekimbia

"Hivi wewe Siwema, hasira zote hizo unazitunza za nini?"

Swali hilo aliliuliza Bi Mwanvua, jirani wa nyumba ya pili, siku alipoleta bakuli la uji wa mchele wakati Bi Siwema yumo ndani ya eda. Hakuliuliza kwa ubaya. Aliliuliza kama mtu anavyouliza chumvi imekolea au bado, huku akijipepea kwa ncha ya mtandio na kutabasamu. Mji mzima wa Lukwambe ulikuwa na tabasamu lile siku hizo.

Na Siwema alikuwa ameuliza jambo dogo tu: mume wangu alikufaje? Siku yenyewe yeye alikuwa nyumbani na mguu wake uliovimba, akaletewa habari mlangoni. Tangu hapo kila aliyekuja kuhani alimwambia neno lilelile, kwamba Mzee Mfaume alikwenda vizuri.

"Alikwenda vizuri, shoga yangu," alisema Mwanvua. "Tulikuwepo. Alikuwa kwenye benchi pale bwawani, akashika kifua, akainama, akateleza taratibu mpaka majanini. Mimi nilikuwa namenya chungwa. Mume wangu Songoro yuko ubavuni mwangu. Hakuna aliyepiga kelele, hakuna vurugu."

"Na nani alimkimbilia?"

Mwanvua alifikiri. Alilitafuta neno lile usoni mwa Siwema kama mtu aliyewahi kulijua zamani. "Kukimbilia? Mbona hapakuwa na haraka."

"Alichukua muda kukata roho?"

"Kiasi. Alipoanguka alikuwa kwenye jua. Mpaka anamaliza, kivuli cha mti kilikuwa kimemfika usoni. Kunywa uji wako, utapoa."

Siwema aliutazama uji. Kutoka benchi la bwawa mpaka mlango wa zahanati ni kuvuka barabara tu. Kuvuka barabara. Alimshukuru jirani yake, akamsindikiza kwa macho mpaka kizingitini, kisha akaubeba uji ule akaumwaga nyuma ya nyumba. Mungu amsamehe, hakuwahi kumwaga chakula tangu azaliwe.

*

Ili mtu aelewe kwa nini ilimchukua Siwema muda wote ule kuanza kuuliza, lazima aijue mitulizo.

Ni miti mizuri, hilo hakuna anayebisha. Jani lake pana, juu kijani kibichi, chini lina rangi ya fedha. Manispaa iliipanda katika kila bustani ya Lukwambe, kwenye viwanja vya kupumzikia, kandokando ya mifereji, hata kwenye vile vipande vya nyasi vinavyogawa barabara. Chini ya nyasi zilitandazwa nyuzi laini zinazosikia nyayo. Watu wakikanyaga kwa kishindo, au sauti zikipanda, au pumzi za wengi zikienda mbio kwa pamoja, nyuzi hupeleka habari kwenye mizizi, na majani hujigeuza upande wa fedha. Hapo hutoka harufu ya mvua ya kwanza juu ya vumbi. Unaivuta mara moja, mbili, na kile kilichokuwa kinakuruka kifuani kinashushwa, kama mtu anavyoshusha utambi wa taa. Hulewi, husinzii. Unajijua, unaongea, unajibu salamu. Ila hakuna kitu kinachokuuma.

Hewa hiyo hukaa mwilini siku kadhaa, na kwa kuwa Lukwambe nzima hupitia bustanini kila siku, kwenda sokoni, kazini, shuleni, hakuna mtu ambaye hewa hiyo humtoka.

Mtaa wa Msikitini ndio pekee uliobaki bila mitulizo, kwa sababu una msikiti wa zamani na makaburi, na wazee walikuwa wamekataa kabla hawajaanza kutulizwa. Siwema alikaa mtaa huo. Lakini naye alikuwa mtu wa bustani kama wengine. Siku alipoambiwa mumewe amekufa alisema Alhamdulillah, akafunga kanga kiunoni, akauliza kama maji ya kuoshea maiti yamechemshwa. Watu walimsifia. Walisema tazameni mwanamke mwenye subira. Imamu mwenyewe alimtolea mfano.

Kisha akaingia eda. Mjane aliye ndani ya eda hatoki kwenda kutembea, na Siwema aliishika eda yake kama alivyoishika funga na sala, bila kupunguza. Hakukanyaga bustani. Na siku moja asubuhi, akiwa anachambua mchele, huzuni ikamshukia. Ilimshukia yote kwa pamoja, mume wake na mwanawe Hemedi aliyekufa miaka ya nyuma ambaye kilio chake kilikatizwa mitulizo ilipoota. Alilia akiwa ameshika ungo, mchele ukamwagika, na kilio kilipokwisha kikabaki kitu kingine kilichokuwa kinachemka.

Kwanza aliikasirikia ile sifa. Watu walikuwa wamemsifia kwa subira ambayo haikuwa yake. Mola humtazama mja wake anavyomeza uchungu, naye hakuwa amemeza kitu. Jani lilikuwa limemmezea.

*

Eda ilipokwisha alioga, akavaa nguo mpya, akafukizwa udi na shangazi wa marehemu kama ilivyo ada, akatoka peke yake akiwa na fimbo ya mumewe. Alikuwa amepania kuzizunguka bustani zote mpaka afike bwawani, na akifika asimame mbele ya benchi lile awaulize waliokaa, mmoja mmoja, kwa sauti.

Alianzia Bustani ya Mzunguko, iliyo kwenye makutano ya barabara kuu. Nyasi zake zilikuwa zimekatwa zikalingana kama busati, na mashine ndogo zinazojiendesha zilikuwa zinazipitia tena kutafuta unyasi uliochelewa. Mtoto alianguka kutoka kwenye bembea mbele ya macho yake. Goti lilipasuka, damu ikachuruzika hadi kwenye soksi. Mtoto aliitazama damu yake kwa udadisi, na mama yake aliyekaa karibu akasema, umeanguka eh, bila kuinuka. Siwema alimfunga yule mtoto goti kwa leso yake mwenyewe. Alipoinua kichwa kumgombeza mama, mama alimshukuru vizuri sana.

Akashika Ukanda wa Mfereji, ule ujani mrefu unaofuata mfereji wa maji ya mvua toka juu mpaka chini mwa mji. Zamani hapo palikuwa na nyumba za watu, na palikuwa na ugomvi, Siwema hakusahau: watu walikatana mapanga kwa ajili ya zamu ya bomba. Sasa palikuwa na maua ya zambarau na njia ya matofali. Kijana alimwendea mzee aliyekaa kwenye nyasi, akachukua simu iliyokuwa pajani mwake, akaenda zake akitembea. Mzee alimwangalia mpaka akapotea. Siwema akamwambia, baba, umeibiwa. Mzee akamjibu kwamba ameona.

Siwema alihisi hasira yake inamchemka mpaka masikioni, akaanza kukaza mwendo, fimbo ikigonga matofali. Hilo ndilo lilikuwa kosa lake. Nyuzi zilimsikia. Alipoingia Bustani ya Bwawa kwa kishindo chake, mitulizo yote ya ukingoni ilijigeuza kwa pamoja, na bustani ikawa nyeupe ya fedha kama samaki waliogeuzwa tumbo. Alijifunika pua kwa upindo wa kanga. Alisoma Ayatul Kursi. Aliliona benchi, aliwaona waliokaa, mdomo ukafunguka.

Na katika mdomo huo uliofunguka hakikutoka kitu.

Mtu alimsogezea nafasi. Alikaa. Bata walikuwa wanapita majini na vifaranga vyao nyuma, na kimoja kilikuwa kinabaki, kinakimbia, kinabaki tena, na Siwema alicheka. Alicheka akiwa kwenye benchi lilelile mumewe aliloteleza kutoka juu yake. Mtu akampa kipande cha mkate, akawatupia bata, na jioni ilipoingia alirudi nyumbani taratibu huku akiburuta fimbo.

Aliposujudu katika sala ya magharibi alitafuta la kumwomba Mola na hakuliona. Hakuwa na shida. Hakuwa na hofu wala tumaini. Aliinua kichwa, akatoa salamu, akakunja msala.

Ilipita siku moja, ikaja nyingine, ndipo kicheko kile kilipomrudia kooni kama mwiba wa samaki.

*

Mwantumu alikuja siku hiyohiyo. Ndiye mtoto pekee aliyembakia Siwema, na ndiye aliyeitengeneza mitulizo.

Jambo hilo Siwema alikuwa akilitaja kwa fahari zamani. Mwantumu alisomea mimea, na alikuwa bado masomoni pale kaka yake Hemedi alipouawa. Hemedi aliazima pikipiki ya rafiki yake kumfuatia baba yao dawa, mtu akapaza sauti kwamba ni mwizi, watu wakaokota mawe. Hawakumuuliza hata jina. Mwantumu alirudi kuzika, akaapa mbele ya jeneza kwamba Lukwambe haitaua tena mtoto wa mtu kwa hasira. Na kweli tangu mitulizo ilipoota haikuua. Hakuna mwizi aliyechomwa moto, hakuna mke aliyevunjwa mkono. Kadi iliyofungua nyumba ya maji, mle dawa ya mitulizo inamochanganywa na kusukumwa kwenda mizizini, ilikuwa shingoni mwake, yeye na hakuna mwingine; dawa hiyo ikisimama, jani hubaki jani tu.

Alikaa mkekani, akampapasa mama yake mguu uliovimba, akamweleza kilichomleta. Manispaa ilitaka kuipanda mitulizo Mtaa wa Msikitini pia. Lakini kwa kuwa mtu amekufa bustanini, utaratibu ulikuwa kwamba mjane wake aulizwe kwanza mbele ya watu, na asipotamka kwamba ameridhika, upandaji unasimama. Mkutano ungekuwa wiki ile, palepale bwawani.

"Neno moja tu, mama. Nimeridhika. Basi."

"Na mkishapanda hapa, mtu akitaka kulia ataenda wapi?"

"Hatataka."

Siwema alimtazama binti yake usoni. Uso ulikuwa laini, hauna mkunjo, na ulikuwa wa mtu aliyefiwa na baba juzijuzi. Alimuuliza kama anajua kwamba zahanati iko ng'ambo ya barabara. Mwantumu alisema anajua, na kwamba moyo wa baba ulikuwa mbovu, huenda hata angekimbiliwa asingepona.

"Hakukimbiliwa," alisema Siwema. "Hayo mengine ni ya Mungu, lakini hilo ni lenu. Nani alikuwa karibu naye zaidi?"

"Mimi."

Alilisema vilevile Mwanvua alivyolisema la chungwa.

"Wewe."

"Nilikuwa nimekaa naye. Nilimshika mkono mpaka mwisho, mama. Hakuwa peke yake."

Siwema alijikuta ameshika fimbo ya marehemu, na kama si kumtaja Mola wake angeinyanyua. Alitamani kumpiga, alitamani kumkumbatia, na alichokasirikia zaidi ni kwamba mbele yake hapakuwa na mtu wa kumpiga wala wa kumkumbatia. Palikuwa na sura ya mwanawe na hewa.

Mwishowe alisema atalitamka neno lao, kwa sharti. Mwantumu akae naye humo ndani mpaka siku ya mkutano. Asipite bustanini, asikanyage nyasi zao. Hewa ikishamtoka, amwombe tena. Akimwomba tena, yeye Siwema atakwenda kusema ameridhika, na atalisema kwa moyo wake.

Mwantumu alikubali upesi. Alitabasamu hata. Alikuwa anajiamini, kwa sababu tangu mitulizo iote hakuwahi kukaa nayo mbali.

*

Siku za mwanzo alifagia, akapika, akamsimulia mama yake habari za kazini. Kisha akaanza kulalamika kwamba saa ya ukutani inapiga kelele. Akasema mchuzi una chumvi nyingi. Akamjibu mama yake vibaya, akashtuka kwa alivyojibu, akaomba radhi, na jioni hiyo akajibu vibaya tena. Kikombe kikamponyoka kikavunjika, akakaa akivitazama vipande kwa muda mrefu.

Siwema aliendelea na shughuli zake. Aliwasha jiko, alisali, alimkagua kwa pembe ya jicho. Alijua kinachokuja kwa sababu kilikuwa kimemjia yeye, na palikuwa na saa alitamani kumshika mkono mpaka mlangoni amwambie, nenda mwanangu, nenda ukakae chini ya miti yako. Ni ukatili kumtoa mtu ganzi huku kidonda kiko wazi. Alijiuliza ni haki gani aliyonayo. Hata hivyo hakumwambia aende.

Asubuhi ya siku ya mkutano Mwantumu alikuwa uani anaanua nguo, akakutana na kanzu ya baba yake ambayo Siwema alikuwa ameitoa sandukuni akaifua na kuianika. Siwema alisikia sauti, na mwanzo hakujua kwamba ni ya mtu.

Alimkuta amejikunja chini, kanzu imefumbatwa tumboni.

"Alinibana mkono, mama," Mwantumu alisema pumzi zilipomrudia. "Alikuwa na nguvu bado. Aliniambia mwanangu, kifua, niitie mtu. Aliniambia niitie mtu. Mimi nikamwambia pumzika baba, tazama majani yanavyogeuka. Alikuwa ananitazama mimi, na mimi natazama majani."

Siwema alikaa naye chini kwenye vumbi, akamshika. Mwantumu alimsukuma.

"Kwa nini umenifanyia hivi? Ulijua. Ulijua itakuwa hivi na ukanifungia ndani."

"Nilijua."

"Nataka kurudi. Nipishe nirudi."

"Mlango haujafungwa," alisema Siwema. "Wala haukuwahi kufungwa."

Mwantumu hakuinuka. Alilia mpaka sauti ikakauka, na ilipokauka akaanza kuongea kwa kunong'ona, na minong'ono ile ndiyo iliyomtia Siwema hofu. Alisema anamjua aliyeokota jiwe la kwanza siku ya Hemedi. Aliambiwa zamani, kabla ya mitulizo. Ni Songoro, mume wa Bi Mwanvua. Alisema miaka yote amekuwa akimsalimu, anampokea mzigo, siku ya Iddi anampelekea pilau, na leo anahesabu moyoni hatua za kutoka hapa mpaka mlangoni kwake, na kisu cha jikoni kiko wapi.

"Unaona?" alisema. "Ndiyo maana niliipanda. Unaona kilichomo humu ndani?"

Siwema aliona. Hata yeye, aliposikia jina lile, alikuwa ametazama upande kilipo kisu.

*

Bwana Mkude wa mipango miji alikuja kuwachukua kabla ya adhuhuri, mtu mpole mwenye shati jeupe, na amekuja na Bi Mwanvua ili amshike mjane mkono njiani. Walivua viatu, wakakaribishwa mkekani, wakasifu usafi wa nyumba. Mkude alisema gari liko nje na watu wameshajaa bwawani. Alimwona Mwantumu amekaa kona na macho yamevimba, akasema kwa upole kwamba mtaalamu amechoka, afike kwenye hewa nzuri apumzike.

Siwema alimgeukia binti yake.

"Mwanangu, ahadi ni ahadi. Bado waniomba niseme nimeridhika?"

Mwantumu hakumtazama mama yake. Alikuwa anamtazama Bi Mwanvua.

"Shangazi," alisema, "siku ya kaka yangu, mumeo ndiye aliyeokota jiwe la kwanza."

Siwema alishika ukingo wa mkeka. Alisubiri jirani yake aruke, akane, alie, aape kwa Mungu, hata atukane. Lolote kati ya hayo lingetosha.

"Ndiyo mwanangu, alikuwa yeye," alisema Mwanvua, na lile tabasamu halikusogea. "Nami nilimwonyesha jiwe lilipo. Maskini Hemedi, alikuwa na adabu sana yule mtoto. Umelia? Macho yamekuvimba."

Saa ya ukutani ilipiga kelele zake. Siwema alimtazama mwanamke yule aliyemletea uji eda nzima, na kwa mara ya kwanza hasira yake ilipinda ikaenda pengine. Kumbe na huyu alikuwa ameibiwa. Alikuwa amebeba damu ya mtoto wa watu na hakuwahi kupewa nafasi ya kujuta. Angeombaje toba mtu ambaye dhambi yake haimuumi? Angesimamaje mbele ya Mola na tabasamu lile?

Mkude alikohoa. Alisema mambo ya kale yana uchungu, na ndiyo maana mradi ulikuja, na kwamba tangu siku hizo hakuna mama wa Lukwambe aliyeletewa mtoto wake ndani ya shuka yenye damu. Alisema kweli, na Siwema alijua kwamba anasema kweli.

"Mie ninaogopa kuliko wewe, baba," Siwema alimwambia. "Nimemzika mtoto kwa hasira za watu, na mume nimemzika kwa utulivu wao. Nikichagua kimoja ninakosa. Lakini hawa hawakuulizwa. Amsheni watu, waacheni walie, wagombane, waombane radhi wakiweza. Kisha ndiyo muwaulize nani anataka kurudi chini ya mti. Atakayetaka aende na miguu yake. Mimi sijaridhika. Kawaambie bwawani, sijaridhika, na nikifufuliwa sitaridhika."

"Mama, ukisema hivyo hapa haihesabiki. Ni mpaka bustanini."

"Bustanini nikisema haitakuwa mimi."

Mkude alihema, kwa upole. Akamgeukia Mwantumu, akanyoosha mkono.

"Dada, umechoka. Nipe kadi ya nyumba ya maji niishike leo. Kesho ukiwa umetulia utaichukua."

Mwantumu aliivua kadi shingoni. Aliigeuza kiganjani, upande huu, upande ule. Siwema alimwona anavyoitazama, kisha anavyomtazama Mwanvua, kisha mlango. Nje ya mlango ule njia zilikuwa mbili. Ya kulia inapita uani kwa Songoro. Ya kushoto inapita makaburini na kwenda mpaka nyumba ya maji. Siwema alitaka kuinuka amshike kanga. Alitaka kumwambia ngoja kwanza, au nenda upesi, hakujua lipi. Akawaza kwamba dawa ikizimwa, baada ya siku chache mlango wa Mwanvua utafunguka na kitakachotoka humo hakitakuwa na tabasamu, na Songoro ataitazama mikono yake, na mji mzima utaanza kuita majina ya watu wake kwa pamoja. Nani atawashika wote hao? Alikuwa na mkeka mmoja na mguu mbovu.

Hata hivyo mkono wake haukuinuka kumzuia.

Mwantumu aliifunga kadi ndani ya pindo la kanga, akalikaza fundo kwa meno. Aliinama akambusu mama yake mkono. Akaviruka viatu vyake pale kizingitini, akatoka peku, na kwenye kona ya ukuta akashika njia ya kushoto.